Mwaka wa Kiwiko cha Kibet

Mwalimu Langat alizikwa Chepseon siku ya Ijumaa, mvua ikiwa imetupisha kwa saa mbili tu, muda uliotosha mahubiri na udongo. Nilikaa benchi moja na Kibet. Wahudumu walipoanza kupitisha sahani za wali na nyama, alinyoosha mkono wa kulia kupokea yangu ili anisogezee. Mkono ulikaribia sahani ukakoma, naye akainama kiunoni kumalizia umbali uliobaki. Mtu mwingine angeona ni heshima ya msibani. Mimi niliona digrii kumi na moja, zile ambazo kiwiko hicho kimekosa kwa miaka kumi na saba. Nimezoea kukiangalia kila tunapokutana, sokoni au harusini, kama vile mtu anavyoangalia nyufa za nyumba aliyoijenga vibaya. Lakini siku hiyo kilinisumbua kwa njia mpya. Jumamosi moja ya mwaka ule tulikuwa watu watatu ndani ya stoo moja ya Boito. Wawili waliona kilichotokea, na wa tatu, ambaye ni Kibet, alikuwa amepoteza fahamu. Sasa Langat amefukiwa, na aliyebaki akijua ni mimi peke yangu. Nilikula nyama ile haraka haraka, nikaaga kabla ya chai.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilifanya kazi ya msaidizi wa fundi wa umeme katika kiwanda cha chai cha wakulima wadogo, nikakodi chumba kimoja Boito, na siku za mapumziko nilikwenda Kericho mjini kwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta zenye mtandao, kutazama video. Nilianza na video za mota na nyaya, ndiyo shule niliyojipa, kisha siku moja ukurasa ukaniletea wanaume wawili waliovaa makoti meupe wakibingirika sakafuni. Ilikuwa jujitsu ya Brazil. Sikuwa nimewahi kuona mchezo ambao mtu mdogo anaanza akiwa chini na kumaliza akiwa mshindi. Mtandao wa wakati huo ulikuwa mbovu. Video ilikwenda sekunde tatu ikasimama, ikakwenda mbili ikasimama, na katika kila kusimama nilichora katika daftari: mguu upo wapi, kiganja kimeelekea wapi, nyonga iko juu au chini. Mwenye saiba alinizoea. "Wewe fundi," aliniambia, "wenzako wanatafuta bibi huku, wewe unatafuta wanaume wakishikana miguu." Dakika nne za video zilinichukua saa moja na kurasa sita. Leo vijana wanatazama mbinu arobaini kwa jioni moja na hawakumbuki hata moja. Mimi zile nilizochora bado ninazo vidoleni.

Stoo ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga ya Mama Chelangat, mjane aliyeuza pia chai na mandazi kwa watu waliotoka kupimisha majani. Alitupa chumba kwa sharti kwamba tusaidie kubeba magunia. Tulijaza maranda ya mbao katika magunia, tukayashona pamoja na kuyafunika kwa turubai, ukawa mkeka. Makoti yalikuwa yale mazito ya kazi ya kiwandani, yaliyochanika mifuko. Tulikutana Jumanne na Jumamosi saa kumi, wakati ambao katika miinuko ile mvua ya mawe huwa haiombi ruhusa, ikipiga mabati mpaka mnazungumza kwa macho. Tulikuwa saba. Langat alifundisha shule ya msingi na alikuwa mkubwa kwetu, mwenye tumbo dogo na maneno mengi. Kibet alichuma chai katika shamba la baba yake, kijana mrefu wa miaka ishirini na tano, na wawili kati ya wale wengine walikuwa bakule wake, yaani walitahiriwa naye msimu mmoja na kukaa naye jandoni. Harufu ya unga wa mahindi ilituingia nguoni. Tulipotoka kunywa chai Mama Chelangat alituangalia mmoja mmoja. "Nimechungulia," alisema. "Mnakumbatiana huko kama watu wamefiwa, na hakuna mtu anauliza mwenzake jina la marehemu."

Tangu mwanzo niliamua kwamba sitajifunza kila kitu. Nilikuwa nimeona kiwandani kwamba fundi mwenye bisibisi tatu anazozijua hufanya kazi kuliko mwenye sanduku zima asilolijua. Katika daftari nilikuwa na mbinu kumi na mbili za kumaliza, yaani za kumfanya mwenzako akubali ameshindwa: za kubana shingo, za kukunja bega, za kunyoosha kiwiko, za kupinda kifundo cha mguu. Kwa miezi miwili nilizijaribu zote kwa zamu na kuandika kila baada ya mazoezi. Ipi inaanza kutoka mahali ambapo tayari najikuta mara nyingi? Ipi inahitaji urefu nisio nao? Ipi mwenzangu akitoroka inaniacha mahali pabaya? Jibu lilitokana na watu wenyewe. Vijana wa kwetu, ukiwa umelala chini nao wako juu, hukusukuma kifuani kwa mkono ulionyooka, jinsi wanavyosukuma ng'ombe asiyetaka kuingia kwenye kibanio siku ya kuoshwa kupe. Mkono ulionyooka ni zawadi. Nikachagua kiwiko. Unaushika mkono, unapitisha mguu mmoja usoni na mwingine kifuani, unabana magoti, unainua nyonga, na kiwiko kinalala juu ya kinena chako kama nyaya juu ya kigingi. Niliitengeneza mbinu hiyo vipande vipande. Wiki mbili nilifanya kushika tu, wiki mbili kugeuka tu, kisha wiki tatu kubana magoti, kwa sababu niligundua kuwa wote walionitoroka walipitia kwenye nafasi iliyoachwa na magoti. Kufikia mwezi wa tano sikuwa nikifikiri tena. Mtu alinisukuma, na mkono wake ulikuwa wangu.

Kulikuwa na tatizo moja, na hilo halikuwa kwenye video. Mchezo huu wote unategemea kugonga. Aliyebanwa humpiga mwenzake kwa kiganja mara mbili, au hupiga mkeka, na mwenzake huachilia papo hapo. Nililieleza siku ya kwanza kabisa.

"Ukiona imekaza, unagonga. Mimi naachilia," nikasema.

Kibet aliuliza, "Kwa hivyo nalia na mkono?"

"Si kulia. Ni alama."

"Ni alama ya kulia," akasema Langat, na wote wakacheka, hata mimi.

Ningewezaje kubishana? Mimi ni Mkisii, nimetoka kwa watu ambao nao humsimamisha kijana kwenye baridi ya asubuhi na kumtazama kope. Nilijua jambo ambalo kila mmoja mle ndani alikuwa amepitia. Ulisimama, ukakatwa, hukutikisika, na maisha yako yote yaliyofuata yalisimama juu ya hiyo asubuhi. Kumwambia Kibet agonge mbele ya bakule wake wawili kulikuwa kumwambia atengue kitu kilichokwisha kushuhudiwa. Kwa hiyo nikaleta kanuni yangu mwenyewe, na ninaiandika hapa kwa sababu haikuwa ya mtu mwingine. Nilisema anayeshika ndiye atakayejua. Atafika mwisho wa kiungo, atausikia, atasimama hapo, ahesabu mpaka tatu na kuachilia. Hakuna atakayegonga na hakuna atakayeumia. Walikubali mara moja. Langat aliniita mtu wa busara. Nilijivuna sana, maana niliamini kwamba mikono yangu, iliyozoea kukaza skrubu ndogo bila kuziua uzi, inaweza kupima mwisho wa kiwiko cha mtu yeyote.

Kibet alikuwa akijiandaa kuandikwa jeshi. Hilo sote tulilijua, na baba yake alilijua kuliko sote. Mwaka uliofuata angekuwa amepita umri, hivyo ilikuwa safari hii au basi. Kila asubuhi kabla ya kuchuma alikimbia kupanda mpaka ukingo wa msitu na kurudi. Meno yake yalikuwa mazima, nyayo zake hazikuwa bapa, na kifua chake kilikuwa kikipanuka kwa jujitsu, kama alivyoniambia mwenyewe akinishukuru. Jumanne moja mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati. Alikuwa juu yangu, akanisukuma kwa mkono wa kulia, na mguu wangu ukapita usoni pake bila mimi kuuagiza. Nilifika mwisho wa kiungo. Nilijua nimefika, mikono yangu iliniambia. Nikaanza kuhesabu. Kisha nikafanya kosa ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jambo lingine lolote la maisha yangu: nilimwangalia usoni. Uso ulikuwa umetulia. Alikuwa akitazama paa kama mtu anayesubiri mvua ipite aende zake. Nikafikiri kwamba pengine bado kuna nafasi, kwamba mikono yangu imekosea kipimo, kwamba mtu hawezi kuwa mwisho wa kiungo chake akiwa na uso ule. Nikainua nyonga upana wa kidole. Sikusikia kitu kwa sababu ya mvua. Nilihisi mapajani, mara mbili, kama punje za mahindi zinavyoachana na gunzi.

Niliachilia. Kibet alikaa, akautikisa mkono, akasema, "Tuendelee." Na tuliendelea, dakika tano nzima, yeye akitumia mkono wa kushoto, na mimi, Mungu anisamehe, nikifuata. Baadaye tulipokaa kwenye benchi la mashine ya kusaga Mama Chelangat alimpa kikombe na kusimama palepale.

"Kibet, tangu lini unashika kikombe na hiyo mkono?"

"Leo tu, mama."

"Na ile ingine imeenda wapi?"

"Imepumzika."

Bakule wake walicheka kwa furaha ya kweli. Walikuwa wameona kila kitu na wameridhika.

Hakwenda hospitalini. Alivaa koti lenye mikono mirefu, akachuma chai kwa mkono mmoja, na nilipomuuliza alisema kimepoa. Kwenda hospitalini kungekuwa ndiyo ile alama, ila kwa kuchelewa. Baada ya wiki tatu kiwiko kilikuwa kimevimba na kukunjika kama cha mtu anayebeba ndoo, na mama mmoja wa Sigowet anayekanda mifupa, ambaye Kibet alikuwa akimwendea kwa siri, alikataa kukigusa tena. Hapo ndipo alipopelekwa. Daktari alisema nyama za ndani zilichanika zikaanza kupona zikiwa zimejikunja, na kwamba angefika siku ya kwanza ingekuwa habari nyingine. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Baba yake alinikaribisha ndani, akaniwekea ugali na mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, kwenye kikombe kikubwa, akaniuliza habari za kiwanda, habari za mvua, habari za Kisii. Kisha akaingia jikoni, na nikamsikia akimuuliza mkewe kwa Kipsigis. Nilikuwa nimekaa kule miaka ya kutosha kuelewa. Hakuuliza kama mkono utapona. Aliuliza kama ni kweli, kama watu wanavyosema, kwamba kijana hakutoa sauti. Mama akajibu kwamba hakutoa. Mzee alirudi akaketi, akaniongezea mursik, na nikaona kwamba mimi sikuwa mgeni mbaya katika nyumba ile. Hilo liliniumiza kuliko kama angenifukuza.

Kutoka siku hiyo hadi siku ya usajili zilibaki wiki kumi na tatu. Sikuweza kukaa. Zamu ikiisha nilizunguka kiwandani nikisikiliza feni za kunyaushia majani, nikirekebisha vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Langat alituletea kipimapembe kikubwa cha mbao cha ubaoni kutoka shuleni, na kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa nyumbani kwake, Kibet akaweka mkono juu ya meza, nami nikapima. Digrii thelathini na nne zilikosekana mkono unyooke. Nilimpangia maji ya moto asubuhi na jioni, kisha ndoo ndogo ya kuning'iniza, nikiongeza maji kikombe kimoja kimoja. Ishirini na tano. Kumi na tisa. Mke wa Langat alileta viazi na chai na kuuliza kila mara, "Leo mwanafunzi amepata ngapi?" Kumi na nne. Kumi na moja. Halafu kumi na moja. Halafu kumi na moja, Jumapili tano mfululizo.

Nilichukua likizo nikamsindikiza Kibet kwenye usajili. Walikuwa vijana mia kadhaa kwenye nyasi zenye maji, wamebaki na kaptura, wakitoa mvuke kama majani mabichi yaliyorundikwa. Walikimbia. Kisha waliosalia walipangwa mistari, na afisa akapita na kijiti chembamba. Aliangalia meno, akaangalia nyayo, akaamuru mikono mbele. Kutoka nyuma ya kamba niliona mikono ya mstari mzima ikinyooka kama reli, na mmoja wenye kona ndogo. Kijiti kiligusa kiwiko.

"Nyoosha."

"Nimenyoosha, afande."

"Nyoosha."

Kibet alikaza mpaka bega likatetemeka. Afisa hakuwa mkali. Aligusa mara ya tatu, taratibu, kama daktari, akasema, "Kando." Tuliporudi, kwenye njia panda ya kwao Kibet alisimama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari. "Kwa mbio nilikuwa namba tatu," alisema, akaondoka.

Nilitaka kuchoma daftari. Badala yake nililifungua, maana sijui njia nyingine ya kukaa na jambo. Nilipiga mstari mwekundu juu ya kiwiko na juu ya kila mbinu inayomaliza kwa kuumiza kiungo. Niliuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mwanzoni: ipi inaweza kufanyiwa mtu asiyegonga? Zilizobaki ni za shingo. Si zile za kukandamiza koo, bali zile za kubana mishipa ya pande mbili, ambazo humlaza mtu kwa sekunde chache. Ukiachilia mara moja anaamka mzima. Kiwiko hakikuambii kitu usoni pa mtu jasiri, lakini mtu anayelala hawezi kuficha kwamba amelala, mwili wake wote unakulemea. Nilichagua moja tu, ile ya kutoka mgongoni, mkono ukizunguka shingo na kiganja kikishika msuli wa mkono wa pili. Kabla ya kumfanyia mtu nilimwomba Langat anifanyie mimi mpaka nilale, ili nijue upande ule ukoje. Alisitasita, akaomba kwa sauti, akabana. Nilipofumbua macho nilidhani nimechelewa kazini. "Umekoroma kidogo," alisema. Niliandika jambo moja muhimu: sekunde za mwisho kabla ya kulala hazikuwepo kabisa kichwani mwangu. Sikujua nilifanya nini kwa mikono yangu.

Kibet alikaa miezi miwili bila kuja. Alirudi Jumamosi moja ambayo wengine wote, isipokuwa mimi na Langat, walikuwa wamekwenda Sigowet kwa harambee. Alichukua koti ukutani, akalivaa kwa kuanza na mkono wa kulia.

"Nasikia siku hizi unashika shingo," aliniambia.

"Pole pole tu."

"Nishike."

"Ikikaza utagonga?"

"Shika, bana."

Tulishindana kwa muda. Alikuwa na hasira na hakuwa na pumzi, akanipa mgongo. Niliweka mkono. Nilibana kidogo nikasubiri, nikabana tena. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimelala juu ya mkeka, wazi, havitikisiki. Aliviweka pale makusudi, ili tuvione. Kisha kichwa kikaniangukia begani, nami nikaachilia kabla sijamaliza kulifikiria, nikamlaza, Langat akamwinua miguu. Mle ndani mlikuwa kimya, hakuna mvua. Nilihesabu mpaka sita. Akafumbua macho, akatazama paa, akatazama uso wangu, kisha wa Langat, kama mtu anayeokota vitu vilivyomwanguka.

"Niligonga?" aliuliza.

Langat alinitazama. Angeweza kujibu yeye, lakini aliniachia.

"Uligonga," nikasema. "Mara mbili."

"Kama mtu anabisha kwa chifu na anajua chifu ametoka," akaongeza Langat.

Kibet aliinua kiganja chake akakiangalia muda mrefu. "Kumbe hata mimi," alisema. Halafu akacheka, kicheko chepesi ambacho sikuwa nimekisikia tangu Jumanne ile ya mvua, na akaomba maji.

Jumanne iliyofuata aliwaambia wenzake wote bila kuulizwa, bakule wake wakiwa mbele yake, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Alisema aligonga, na kwamba hakuna kilichomtoka. Kuanzia hapo kila mtu aligonga. Waligonga mapema, waligonga kwa mzaha, mmoja aligonga kabla sijamgusa. Hakuna kiungo kingine kilichoharibika katika stoo ile mpaka nilipohamishiwa kiwanda kingine mwisho wa mwaka. Nikitaka kujihesabia haki naweza kuishia hapo. Langat aliishia hapo, aliniambia mara moja tu kwamba tumewaokoa vijana, na hatukulizungumza tena. Lakini wiki chache baada ya ule uongo, tukibeba magunia ya Mama Chelangat, Kibet aliniambia kitu bila kunitazama: "Ile ya mkono, ningegonga tu. Kama niliweza siku ile, ningeweza hata hiyo. Makosa ni yangu." Nilikuwa na gunia begani. Ningeweza kulitua. Nililibeba mpaka ndani nikalipanga vizuri juu ya mengine. Kwa neno moja nilikuwa nimejipatia nafuu ambayo sikuwa nimeiomba, kwa sababu aliyeshika mkono ule ndiye aliyetakiwa kujua, na sasa aliyeshikwa alikuwa amejitwika. Amejitwika miaka kumi na saba. Ana ng'ombe sita, anapeleka maziwa, na Jumamosi anafundisha vijana ishirini katika ukumbi mmoja wa kanisa huko Bomet, wasichana kwa wavulana, kwenye mikeka ya kweli. Somo lake la kwanza, nimeambiwa na wengi, ni mkono wake wenyewe. Anauonyesha na kusema, hii ni kazi ya kichwa ngumu, mnione.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda Bomet. Nilifika mapema, Kibet akiwa peke yake, anaunganisha mikeka kwa kuikanyaga kwa mguu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, kwanza shingo na kisha kiwiko, kama nilivyokuwa nimeandika. Aliendelea kukanyaga mikeka mpaka nilipofika kwenye viganja vyake vilivyokuwa wazi juu ya turubai. Hapo alisimama.

"Sikugonga?"

"Hukugonga."

"Na Langat alijua?"

"Alijua."

Alikaa chini. Nje mtu alikuwa akipanga viti vya Jumapili, chuma kikigonga chuma. Nilidhani atauliza kwa nini, na nilikuwa na jibu la kurasa mbili.

"Nilipolala," alisema, "uliniachilia baada ya muda gani?"

"Hapo hapo."

"Na mkono?"

"Mkono nilichelewa. Nilikuwa nimefika mwisho na nilijua. Nikaangalia uso wako, nikaongeza."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. "Hawa watoto nimewaambia miaka yote ilikuwa kichwa yangu ngumu."

"Ilikuwa ngumu."

"Lakini nusu."

"Nusu," nikasema. Kisha nikajirekebisha, maana nilikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo. "Chini ya nusu."

Vijana wa kwanza walikuwa wameanza kuingia, wakivua viatu mlangoni na kumwamkia kwa mikono miwili. Kibet aliinuka, akafunga mkanda wake. Alionekana akitafuta kitu kichwani.

"Ile Jumanne baada ya hiyo," alisema, "nilishikwa na Langat. Shingo. Hapo niligonga, ama hiyo pia mlinipea?"

"Hiyo uligonga mwenyewe. Ulimpiga mgongo mpaka akalalamika."

"Hiyo naikumbuka." Aliwageukia vijana na kuwaonyesha kwa kidole wajipange. "Basi nitahesabu kuanzia Jumanne hiyo."